Uzi: Mfanyakazi wa duka amshike mwizi, au amwache atoke?

#1 DaftariLaStoo (mleta uzi)
Wakuu, salama. Naandika mwongozo wa wafanyakazi wa duka la kujihudumia: kaunta 6, mlango mmoja wa wateja, mlinzi mmoja kwa zamu. Kipengele kimoja kimeleta mvutano. Rasimu inasema: "Mfanyakazi anayemwona mtu akiiba ana wajibu wa kuzuia wizi huo." Mwenye duka anataka ibaki hivyo hivyo. Meneja anataka iandikwe kinyume chake, kwamba mtu asiguswe hata akisukuma troli zima nje bila kulipa.

Mimi niko upande wa mwenye duka. Mwizi akiwa peke yake na mfanyakazi ana nguvu zake, amshike. Mkianza kuwaacha, habari zinasambaa, wiki ijayo wanakuja na magunia. Nipingeni, lakini kwa hoja.

#2 Bawabu
Nguvu za mfanyakazi mtazipima na mizani ya kaunta?

#3 KifunguKwaKifungu
Kinachokuponza ni neno "kuzuia". Kuzuia wizi na kumzuia mwizi ni kazi mbili, na rasimu yako imezifunga kamba moja. Ya kwanza ni kumsalimia mtu pale rafuni, kusogeza bidhaa, kusimama karibu naye ukipanga maboksi. Ya pili ni kumnyima mtu uhuru wa kwenda atakako, na hapo ndipo sheria inapoanza kukuhoji.

Nchi nyingi zinamruhusu mwenye duka au mtu wake kumshikilia mshukiwa, kwa masharti yanayofanana: awe na sababu ya msingi ya kuamini kuwa kitu kimeibwa, amshikilie kwa muda wa kadiri, tena kwa njia za kadiri. Kule California kifungu cha 490.5 cha sheria ya makosa ya jinai kinaruhusu nguvu isiyo ya kuua, na kinaruhusu kuangalia ndani ya mifuko na mikoba aliyobeba. Nguo alizovaa, hapana. England na Wales wana sheria ya jinai ya mwaka 1967, kifungu cha 3: nguvu ya kadiri kulingana na mazingira.

Sasa angalia vizuri. Zote mbili zinaruhusu, hazimlazimishi mtu. Wewe ukiandika "ana wajibu", siku mfanyakazi akivunjwa meno atakuja na mwongozo wako mkononi kama kielelezo cha kwanza.

#4 JichoLaRafu
Hiyo "sababu ya msingi" ina vipimo vyake kazini. Watu wa kuzuia upotevu wa bidhaa madukani hufuata hatua sita, na ikikosekana moja, mtu anaachwa. Umwone akiifikia rafu. Umwone akichukua bidhaa kwa mkono wake. Uone anaificha, na uone imeingia wapi: mfuko wa kushoto, ndani ya koti, chini ya mtoto kwenye kigari. Usimtoe machoni tangu hapo. Apite sehemu ya mwisho ya kulipia bila kulipa. Ndipo unamfuata, naye akiwa tayari amevuka kaunta.

Hatua ya nne ndiyo inayoangusha watu. Umeinama kuokota boksi, au mteja mwingine kakuuliza bei, zimepita sekunde 10. Ndani ya sekunde hizo mtu kageukia njia ya pili na kukirudisha kitu. Ukimdaka mlangoni mfukoni hamna kitu, na sasa wewe ndiye mwenye kosa. Wapo wanaofanya hivyo makusudi: anaficha waziwazi mbele ya mfanyakazi, anakitupa kimyakimya kwenye rafu nyingine, kisha anasubiri kwa hamu ashikwe ili adai fidia.

Tena mtu wa stoo akikunong'oneza "yule kaiba", hujaona wewe. Neno la mwenzako halikupi hatua ya kwanza mpaka ya tatu.

#5 NusuTroli
Hatua sita! Mpaka ufike ya nne mwenzio kashabadilisha basi mara mbili.

#6 JichoLaRafu
@NusuTroli kwa mwizi wa kawaida zote sita zinaisha ndani ya dakika chache. Anayezunguka saa nzima ni mteja halali asiyejua alichokuja kununua.

#7 MzeeWaRisiti
Mnaongea kana kwamba kila mwizi ni jambazi. Wengi wa hawa ni wadokozi: kitu kimoja, kidogo, mkono unatetemeka. Huyo ukisimama pembeni yake ukamwambia kwa upole "ndugu yangu, hicho cha mfukoni tukakilipie", anakitoa. Mkimwacha leo, kesho anarudi saa ile ile kwenye rafu ile ile, na kesho kutwa anamleta mwenzake. Wizi ni tabia, na tabia hulelewa.

Halafu msisahau kwamba nusu ya upotevu wa maduka unaletwa na magenge. Hao hawatishwi na salamu zenu.

#8 DadaHesabu
Mzee wangu, hiyo "nusu" imeshazikwa na walioizaa. NRF, shirikisho la wafanyabiashara wa rejareja la Marekani, ndio waliosema karibu nusu ya upotevu wa dola bilioni 94.5 wa mwaka 2021 ulitokana na magenge. Desemba 2023 wakaifuta wenyewe. Bilioni 94.5 ulikuwa upotevu wote wa kila aina.

Utafiti wao wa 2023, unaohusu mwaka wa fedha wa 2022, uligawa hivi: wizi wa watu wa nje asilimia 36, wizi wa wafanyakazi 29, makosa ya taratibu na hesabu 27. Jumla ya upotevu ilikuwa asilimia 1.6 ya mauzo. Ni majibu ya maduka ya Marekani kwenye dodoso, si msahafu, lakini jumlisha 29 na 27. Zaidi ya nusu ya upotevu haukutoka na mtu wa kukimbizwa mlangoni. Ulitoka kwa mlango wa stoo, au haukuwahi kuingia kabisa: mzigo wa boksi 48 ukasainiwa kuwa 50.

Nikija kwa mwenye duka, namwelewa hasira yake. Bidhaa aliyoinunua kwa 80, kama faida yake halisi ni asilimia 2 ya mauzo, anahitaji mauzo ya 4,000 ili kuirudisha hiyo 80. Inauma. Ila afanye hesabu hiyo hiyo kwa kifundo cha mkono kilichovunjika: plasta wiki sita, mshahara wa aliyelala nyumbani, mshahara wa anayeshika nafasi yake, matibabu, na bima itakayopanda mwaka unaofuata.

#9 MzeeWaRisiti
Nusu nimeifuta, asante dada. Hoja yangu haijafutika. Hesabu yako inachukulia kila anayeshikwa analeta plasta.

#10 DadaHesabu
Na yako inachukulia utamjua mapema atakayeileta.

#11 Bawabu
Hapo ndipo penyewe. Aprili 2023, Pleasanton, California, mfanyakazi wa kuzuia upotevu katika duka la vifaa vya ujenzi alipigwa risasi akafa. Kilichokuwa kinaibwa ni boksi la chaja. Oktoba 2022, Hillsborough, North Carolina, mfanyakazi wa miaka 83 alimsogelea mtu aliyekuwa anatoka na mashine za kuoshea kwa presha, akasukumwa akaanguka, akafa wiki chache baadaye. Huyu hata kushika hakushika. Alisogea tu.

Kwa hiyo mkuu DaftariLaStoo, kipimo chako cha "yuko peke yake" hakifai. Unajuaje yuko peke yake? Dereva yuko nje, injini inaunguruma. Wa pili yuko rafu ya tatu anajifanya mteja, kazi yake ni kukuangalia wewe.

Na umbali jamani. Watu wanasogea mpaka pua kwa pua. Baki mita 2, simama kiupande, usimkabili kifua kwa kifua, mikono wazi na ionekane, na njia ya kutokea usiizibe. Mtu anaimaliza mita 2 chini ya sekunde moja, sasa ukiwa nusu mita hata kupepesa jicho hutawahi. Ukiona mkono wake unaingia mfukoni au kiunoni, mazungumzo yameisha, rudi nyuma.

#12 KifunguKwaKifungu
Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Mkono wa mfanyakazi unaweza kubadilisha jina la kosa. California, mwaka 1983, kesi ya Estes katika mahakama ya rufaa: mtu alichukua nguo dukani bila kulipa, mlinzi akamfuata hadi maegesho, jamaa akamtishia kwa kisu. Mahakama ikasema nguvu iliyotumika ili kubaki na mali inatosha kuufanya wizi kuwa unyang'anyi, ingawa wakati wa kuichukua rafuni hakumgusa mtu.

England na Wales wanakwenda njia nyingine kidogo. Sheria yao ya wizi ya 1968, kifungu cha 8, inataka nguvu itumike mara tu kabla ya kuiba au wakati wa kuiba, tena kwa ajili ya kuiba. Hapo mawakili hubishana wizi uliisha lini.

#13 NusuTroli
Kwa hiyo kumshika mtu koti ni kumpandisha cheo.

#14 KifunguKwaKifungu
Cheo na miaka.

#15 MzeeWaRisiti
Safi sana, basi ashikwe ili afungwe zaidi 😄

#16 MuuguziZamuYaUsiku
Mnacheka. Ngoja niwaeleze mwili unavyofanya, maana mwongozo ukiruhusu "kushika" lazima useme kushika wapi.

Kabali: mkono ukibana mishipa ya pande mbili za shingo, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hadi 15. Mshikaji anadhani jamaa "ametulia", kumbe damu haifiki kichwani, na yeye anaendelea kubana. Shingo isiguswe, kwa sababu yoyote.

Kumlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni: kifua hakipanuki, na tumbo linasukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Mtu aliyetoka kukimbia anahitaji hewa nyingi kuliko kawaida, wewe umempa kidogo kuliko kawaida. Atajikunyata na kufurukuta ili apumue, nyie mtaita ubishi na kuongeza mtu wa pili mgongoni. Akisema hapumui, msijibu "mbona unaongea". Kuongea kunataka hewa kidogo tu, kuishi kunataka nyingi. Akianguka chini, mgeuzeni ubavu mara moja au akae. Ubongo ukikosa oksijeni unaanza kuharibika kwa dakika 4 hadi 6.

Na ngwala. Kichwa kikianguka huru kutoka mita 1.5 kinafika sakafuni kwa mwendo wa karibu kilomita 19 kwa saa. Sakafu za maduka ni vigae au zege. Ndiyo maana watu hufa kwa msukumo mmoja ambao kamera inauonyesha kama kitu cha kawaida kabisa.

Mwisho, mifukoni. Kamwe usitie mkono wako mfukoni mwa mtu. Sindano, wembe. Atoe mwenyewe, aweke mezani.

#17 Kilemba
Wote mmezunguka, suala lenye pesa hamjaligusa. Swali halisi ni kwa nini mfanyakazi anayelipwa mshahara wa kaunta anaruka kaunta kumkimbiza mtu mwenye chupa mbili za manukato. Uzalendo kwa rafu? Anaruka kwa sababu mwisho wa mwezi zile chupa zitakatwa kwake. Mwongozo unasema "usiguse", karatasi ya mshahara inasema "shika". Atasoma ipi?

Uingereza wameliona hilo. Sheria yao ya haki za ajira ya 1996 inamwekea kikomo mwajiri wa duka la rejareja: kwa upungufu wa fedha au wa bidhaa asikate zaidi ya asilimia 10 ya mshahara ghafi kwa kila malipo, na lazima mkataba uwe umeyaruhusu makato hayo kabla. Lakini malipo ya mwisho, mtu anapoacha kazi, hayana kikomo hicho. Mtego umewekwa pale pale unapotokea.

Mleta uzi, je, mkataba wenu una makato?

#18 DaftariLaStoo
@Kilemba yapo. Upungufu wa hesabu ya stoo unagawanywa kwa zamu iliyokuwepo.

#19 Kilemba
Basi uzi wako umejibiwa, hata ukiandika mwongozo wa kurasa mia. Futa hayo kwanza.

#20 DadaHesabu
Kufuta kunasaidia ila Kilemba usiuze dawa moja kwa magonjwa yote. Mwaka 2023 Lululemon iliwaachisha kazi wafanyakazi wawili wa duka lake la Georgia, Marekani, baada ya wao kuwafokea wanyakuzi na kuwafuata hadi mlangoni. Kampuni ilisema wamevunja kanuni ya kutojihusisha. Hakuna aliyesema walikuwa wanalinda mishahara yao. Watu huruka kwa hasira, kwa aibu, kwa kuona wanadharauliwa. Damu ikichemka hakuna anayekumbuka mkataba.

#21 Bawabu
Na fukuza-fukuza yenyewe inaleta ugonjwa mwingine: watu wanaacha kuripoti. Ukiogopa kuulizwa "ulikuwa umesimama wapi?", unanyamaza, na boksi tupu linagunduliwa siku ya hesabu ya stoo.

#22 FundiGeti
Naona mmesahau lile geti la kengele hapo mlangoni. Kengele ikilia, si ushahidi wa wizi. Inakupa ruhusa ya kuomba risiti kwa adabu na hakuna zaidi.

Sababu ya kawaida ya kengele ya uongo ni keshia. Lebo ya usalama iliyo kwenye bidhaa haikuzimwa. Kuna mifumo miwili mnayokutana nayo sana: ile ya kilohezi 58, yenye vipande vya chuma chembamba ndani ya kijaluba cha plastiki, na ile ya megahezi 8.2, lebo bapa yenye mzunguko wa waya. Ya kwanza inazimwa kwa kuondoa usumaku wa kipande kimoja, ya pili kwa kuunguza kapasita yake. Pedi ya kuzimia ina kimo chake, sentimita chache tu juu ya kaunta. Keshia anayerusha bidhaa juu kwa juu, au aliyebandua pedi na kuisukuma pembeni apate nafasi ya mifuko, anawatuma wateja waaminifu kwenda kuabishwa mlangoni.

Sababu ya pili ni nyie wenye maduka. Mnapanga bidhaa zenye lebo karibu na geti, mita moja tu, kwa sababu pale mlangoni panauza. Geti linapiga kelele siku nzima, mlinzi analipunguza nguvu ili apumzike, na kuanzia siku hiyo ni pambo. Kila asubuhi pita na lebo ya majaribio katikati ya geti mara tatu: usawa wa goti, kiuno, kichwa. Isipolia hata mara moja, mwite fundi.

#23 NusuTroli
Na mifuko iliyoshonewa karatasi ya alumini ndani ili geti lisilie?

#24 FundiGeti
Inafanya kazi vizuri zaidi dhidi ya megahezi 8.2 kuliko kilohezi 58. Siendelei hapo, hili jukwaa linasomwa na wateja wote.

#25 MpimaPicha
FundiGeti kaongea geti, mimi nitaje kamera, maana mkisema "mwacheni aende" lazima mbaki na kitu cha kuwapa polisi.

Ili sura ya mtu usiyemjua itambulike, vipimo vya Ulaya vya kamera za usalama, EN 62676-4 (toleo la 2015), vilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana: gawa kwa 250, unapata mita 7.7. Ikiangalia mlango wa mita 4, unaona hadi kovu. Ikielekezwa kuangalia ukumbi mzima wa mita 20, inabaki na pikseli 96 kwa mita, na kipimo cha kumtambua hata mtu unayemfahamu ni 125. Utaona mwanaume mwenye shati. Hongera.

Urefu nao: ikifungwa mita 4 juu ya mlango inapiga picha za kofia. Shusha iwe mita 2.2 hadi 2.5 na imtazame anayetoka, si anayeingia tu.

Kisha saa. Mashine ya kurekodi ikienda mbele dakika 11 kuliko risiti za kaunta, wakili wa mshukiwa ana mchana mwema. Na picha itolewe kwa faili lake la asili, siyo kurekodi kioo kwa simu.

#26 MzeeWaRisiti
Mkuu, mwizi kavaa barakoa na kofia, hizo pikseli 250 ni za nini?

#27 MpimaPicha
Viatu, mwendo, mkono anaotumia, gari. Na barakoa alivaa mlangoni, maegesho alifika bila.

#28 JichoLaRafu
Turudi kwa binadamu. Kabla ya kufika mlangoni kuna nafasi nyingi za bure ambazo duka halizitumii. Mtu mwenye nia anaangalia watu na kamera, haangalii bei. Anachukua vitu vitano vinavyofanana bila kusoma hata kimoja. Begi limekuja limenywea. Tazama matendo hayo. Ukianza kutazama nguo, rangi au umri utamwabisha asiye na kosa na utampita mwizi aliyevaa suti.

Ukiona dalili, ndani ya mita 3 msalimie ukimtazama machoni. "Karibu, nikusaidie kutafuta saizi?" Kisha kaa karibu, panga rafu. Wengi wanaacha kitu na kuondoka. Umezuia wizi, hujamzuia mtu, hakuna aliyeguswa, hakuna hata aliyetuhumiwa.

Akishapita kaunta na hatua zote sita zipo, waende wawili: mmoja anaongea, mwingine anatazama mikono na anakumbuka maneno. Sentensi iwe fupi na imwachie mlango wa heshima: "Samahani, nadhani kuna kitu umesahau kulipia, turudi mara moja." Usitamke neno mwizi.

#29 Kilemba
Hilo neno liwekewe kipengele chake. Ukipaza sauti "mwizi!" umeita watu usiowajua, usioweza kuwaamuru, ambao hawajaona hatua hata moja kati ya sita za JichoLaRafu. Wakianza kupiga, huna namna ya kuwaambia basi. Na mtoto, au mzee aliyepotewa na kumbukumbu akasahau kulipa, anapigwa sawa na yule mwenye magunia.

#30 MuuguziZamuYaUsiku
👆 Hii.

#31 MzeeWaRisiti
Hapo sina ubishi.

#32 Pembeni
Naingia kuchelewa. Kuna mtu atapendekeza mlango wa dharura ufungwe kwa mnyororo kwa sababu ndiko wanakotokea. Msithubutu. Ipo komeo la kuchelewesha: mtu akisukuma, kengele inalia na mlango unafunguka baada ya sekunde 15, na moto ukigunduliwa au umeme ukikatika unafunguka papo hapo. NFPA 101, kanuni za Marekani za usalama wa watu wakati wa moto, inalitambua. Sekunde 15 zinatosha wafanyakazi kugeuka na kutazama, na mnyakuzi anachukia kutazamwa.

Rafuni nako, vile vibanzi vya kusukuma bidhaa mbele vinavyotoa kimoja kimoja vinamnyima mtu kufagia rafu nzima kwa mkono. Vitu vya gharama, weka maboksi matupu.

#33 NusuTroli
Na mnyakuzi akiiba boksi tupu?

#34 Pembeni
Mpungie mkono.

#35 DaftariLaStoo
Nimesoma yote. Sijahama kabisa ila nimesogea. Rasimu mpya:

"Mfanyakazi atazuia wizi kwa kuhudumia. Hatamgusa mtu, hatamzibia njia, wala hatamfuata nje ya mlango. Mlinzi aliyefunzwa, akiwa na shahidi na hatua zote sita zikiwa zimetimia, anaweza kumwomba mtu arudi ndani. Upungufu wa bidhaa unaotokana na wizi wa nje hautakatwa kwenye mshahara." (Huu wa mwisho mwenye duka hajauona.)

#36 MzeeWaRisiti
Anaweza kumwomba. Akikataa?

#37 Bawabu
Anakwenda. Unaandika saa, sura, bidhaa, alikoelekea.

#38 MzeeWaRisiti
Basi andikeni wazi kwamba kulipa ni hiari.

#39 KifunguKwaKifungu
Mzee ana hoja kidogo. Wabunge wa California waliparamia hapo hapo: rasimu ya sheria SB 553 ilitaka kumkataza mwajiri asimlazimishe mfanyakazi kumkabili mwizi, wenye maduka wakapinga, kipengele kikaondolewa. Sheria iliyobaki, iliyoanza 1 Julai 2024, inataka mpango wa maandishi wa kuzuia vurugu kazini, mafunzo, na daftari la matukio. Kushika au kutoshika wakaliachia kila duka. Kwa hiyo mleta uzi usitegemee sisi tulimalize leo.

Ila "nje ya mlango" paeleze. Mlango ni geti la kengele, kizingiti, au ukingo wa maegesho? Kwa kesi, hizo ni sehemu tatu.

#40 FundiGeti
Kizingiti. Geti huwa mita moja au mbili ndani, mtu anaweza kupita geti na kurudi akiwa bado dukani anatafuta mkewe.

#41 JichoLaRafu
Geti. Ukisubiri kizingiti umeshatoka naye nje, na nje yuko dereva wa Bawabu.

#42 NusuTroli
Swali dogo kabla hamjachora mstari. Kaunta 6, mlinzi mmoja. Huyo shahidi anatoka kaunta ipi, na droo ya pesa anamwachia nani?